Moto wa Itigi, Mlembe na Akili Bandia: Je, Dunia Inaweza Kuwa na Fahamu?

Mwaka juzi, mwishoni mwa kiangazi, moto uliingia kwenye pori la miombo ambako mjomba wangu ametundika mizinga yake, upande wa Itigi mkoani Singida. Yeye alikuwa amesafiri kwenda msibani. Aliporudi alikuta mizinga 11 imekuwa majivu, na nyuki waliobaki wameshahama.

Nilipokwenda likizo akaniuliza swali. "Mjomba," alisema (kwetu mjomba na mpwa wanaitana hivyo hivyo), "nasikia siku hizi kompyuta zina akili, na huko angani kuna mitambo inaona kila kitu. Sasa moto wangu haukuonekana?"

Sikuwa na jibu. Usiku nikafungua FIRMS, ramani ya bure ya NASA inayoonyesha mioto inayowaka duniani, nikairudisha hadi tarehe ile. Doa jekundu lilikuwepo. Setilaiti ilikuwa imepita juu ya Itigi, ikapima joto la ardhi, takwimu zikashuka, kompyuta ikazichambua, na ndani ya saa chache doa likawekwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye intaneti angeliona, awe Tokyo au Nairobi. Ambaye hakuwa na habari ni mwenye mizinga.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kuna wazo kubwa linalozunguka siku hizi. Wapo wanaosema kwamba setilaiti, vipima hali ya hewa, simu zetu na akili bandia (wengine wanaiita akili mnemba au akili unde) vinaungana taratibu kuwa mfumo wa neva wa sayari nzima. Yaani Dunia inaanza kujihisi, na siku moja itapata fahamu. Je, ni kweli? Twende taratibu, kwa sababu hapa maneno matatu huwa yanachanganywa.

Mwitiko, akili na fahamu

Neno la kwanza ni mwitiko. Ua la alizeti changa hufuata jua. Hapo kuna kitu kinachopokea taarifa na kubadilika kutokana nayo, basi.

La pili ni akili, yaani uwezo wa kutatua tatizo: kupokea taarifa nyingi, kuzipima, na kuchagua njia inayofaa.

La tatu ni fahamu, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana. Hospitalini tunasema mgonjwa "amepoteza fahamu", na baadaye "fahamu zimemrudia". Mgonjwa aliyepoteza fahamu moyo wake unapiga, figo zinachuja damu, joto la mwili linadhibitiwa. Mwitiko upo tele. Kilichokosekana ni yule mtu wa ndani anayehisi maumivu, anayesikia jina lake likiitwa. Kwa hiyo kitu kinaweza kujirekebisha vizuri kabisa bila kuwa na fahamu. Tukumbuke hilo tunapokwenda mbele.

Kundi la nyuki linavyoamua

Singida inajulikana kwa alizeti na kuku wa kienyeji, lakini Manyoni na Itigi ni nchi ya asali. Na nyuki ndio mwalimu mzuri wa swali letu.

Kundi la nyuki linapohama, linaning'inia kwenye tawi kama shungi la ndevu. Humo kuna nyuki maelfu, lakini ni mia chache tu wanaokwenda kutafuta nyumba mpya. Mpelelezi akipata tundu zuri anarudi na kucheza: anatikisa tumbo huku akienda mstari ulionyooka, anageuka, anarudia. Pembe ya mstari huo inaonyesha upande wa kwenda ukilinganisha na jua, na muda wa kutikisa unaonyesha umbali. Karl von Frisch, aliyeisoma lugha hii, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973.

Mtafiti Thomas Seeley wa Chuo Kikuu cha Cornell ametumia miaka mingi kuchunguza kinachofuata. Aliyeona tundu zuri sana anacheza kwa muda mrefu. Aliyeona la hivi hivi anacheza kidogo. Wenzao wanakwenda kujionea wenyewe, wanarudi, nao wanacheza. Wapo hata wanaowagonga kwa kichwa wachezaji wa tundu pinzani ili wanyamaze. Wapelelezi wapatao 20 hadi 30 wakikutana kwa wakati mmoja kwenye tundu moja, ishara ya kuondoka inatolewa na kundi lote linaruka. Malkia hakuamuru chochote. Hakuna nyuki hata mmoja aliyeziona nyumba zote na kuzilinganisha. Hata hivyo, mara nyingi sana kundi linachagua nyumba bora.

Utaratibu huu unafanana mno na jinsi seli za ubongo zinavyoamua: makundi ya seli yanashindana, yanazuiana, mpaka moja linafika kiwango fulani. Kwa hiyo kundi lina akili, hilo wanabiolojia wengi watakubali. Lina fahamu? Hakuna ushahidi. Nyuki mmoja mmoja huenda anahisi kitu. Mwaka 2022 watafiti wa London walionyesha kwamba nyuki bambi, jamaa wakubwa wenye manyoya, wanaviringisha vipira vidogo bila kupewa zawadi yoyote, kama watoto wanaocheza. Lakini kundi lenyewe kuhisi kwamba limechoka kuning'inia, hilo hakuna aliyeweza kulionyesha.

Mlembe: akili iliyo kati ya wawili

Sasa twende kaskazini mwa mkoa, Mkalama, kwenye bonde la Ziwa Eyasi. Huko wanaishi Wahadzabe, na huko yuko ndege anayeitwa mlembe, mdogo, wa rangi ya kijivu na kahawia. Mlembe anakula nta. Tatizo lake ni kwamba nta iko ndani ya mti, imelindwa na nyuki wenye hasira. Binadamu naye ana shoka na moshi, lakini hajui mzinga wa porini uko mti gani. Basi wamepatana. Mrina asali anapiga mluzi, mlembe anakuja akilia kwa kelele za haraka haraka, anaruka mti hadi mti akingoja afuatwe, mpaka kwenye nyuki.

Hii si hadithi ya kulalia watoto, imepimwa. Mwaka 2014 Brian Wood na wenzake waliripoti kwamba mlembe anaongeza kasi ya Wahadzabe kupata mizinga ya porini kwa asilimia 560, na kwamba kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chao chote ilipatikana kwa msaada wa ndege huyu. Mwaka 2023 Claire Spottiswoode na Wood wakachapisha jaribio zuri zaidi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hawapigi mluzi. Wana mlio wao wa kutetemesha ulimi unaoishia na mguno. Watafiti walicheza sauti zote mbili kwenye spika, huku na huko. Katika milima ya Kidero, nchi ya Wahadzabe, mlembe alijibu mluzi wa Kihadza zaidi ya mara 3 kuliko mlio wa Kiyao. Msumbiji ikawa kinyume chake. Yaani ndege wanajifunza lugha ya watu wa kwao!

Ajabu ni kwamba hawafundishwi na wazazi. Mlembe hutaga kwenye kiota cha ndege wengine, na kinda lake hulelewa na walezi ambao hawajui habari za asali hata kidogo. Wala urafiki wenyewe si wa kitabuni. Wayao humwachia ndege nta kama malipo. Wahadzabe mara nyingi huifukia au kuichoma ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza.

Sasa jiulize: ule ujuzi wa "asali iko wapi na inapatikanaje" unakaa wapi? Ndege anao nusu, mtu anao nusu. Ujuzi kamili haumo kwenye kichwa cha yeyote. Umo kwenye kuitana na kuitikiana.

Na kwa sababu umo kwenye kuitikiana, unaweza kufa huku wahusika wote wako hai. Sehemu nyingi za Afrika ushirikiano huu umepotea kadiri watu walivyopata sukari ya dukani na mizinga ya kisasa. Mlembe yupo, nyuki wapo, watu wapo. Mjomba anasema hata Itigi mlembe bado anawalilia vijana njiani, ila wao wana spika za masikioni na hawajui wanaitwa.

Je, sayari nzima?

Kutoka mti wa Eyasi hadi sayari ni mbali, lakini swali ni lile lile. Miaka ya 1960 mwanasayansi Mwingereza James Lovelock alikuwa akiisaidia NASA kufikiria namna ya kutafuta uhai Mirihi. Akaona jambo rahisi: huna haja ya kutua, angalia hewa. Hewa ya Mirihi ni kabonidayoksaidi kwa takriban asilimia 95, imetulia kama maji ya mtungi. Hewa ya Dunia ina oksijeni asilimia 21 pamoja na methani, gesi mbili ambazo zikiachwa pamoja huunguzana taratibu mpaka methani inaisha. Ili ziendelee kuwepo, lazima kuna wanaozizalisha kila siku. Ni viumbe hai. Yeye na mwanabiolojia Lynn Margulis wakapendekeza, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwamba uhai na mawe na hewa vinaendeshana kama mfumo mmoja unaojirekebisha. Wakauita Gaia.

Wapinzani walikuja juu, na walikuwa na hoja. Viumbe hujirekebisha kwa sababu wasiojiweza hawakuacha watoto, lakini Dunia iko moja na haizai, ilijifunzaje? Mwaka 1983 Lovelock na Andrew Watson walijibu kwa hesabu ya sayari ya kubuni yenye maua meusi yanayonyonya joto na meupe yanayolirudisha. Jua likizidi, meupe yanashamiri na kupoza sayari. Likipungua, meusi yanashamiri na kuipasha. Hakuna ua lililokusudia kitu. Mjadala haujaisha, lakini wazo kwamba uhai unabadilisha mazingira yake na kubadilishwa nayo sasa ni la kawaida katika sayansi. Lovelock mwenyewe alisisitiza kwamba hakumaanisha sayari yenye fahamu. Kumbuka mgonjwa wetu: figo zinachuja, mwenyewe hayupo.

Tena mwitiko huu wa asili ni wa polepole mno. Mvua inayosaga miamba huondoa kabonidayoksaidi hewani na hivyo kudhibiti joto la Dunia, lakini kazi hiyo huchukua malaki ya miaka. Sisi tumeibadilisha hewa kwa miaka mia mbili tu.

Hapo ndipo wanapoingia Adam Frank, David Grinspoon na Sara Walker. Katika makala yao ya mwaka 2022 walisema tuifikirie akili kama jambo linaloweza kutokea kwa kiwango cha sayari, na wakazigawa hatua zake nne. Mbili za kwanza ni za uhai peke yake, mchanga kisha uliokomaa. Ya tatu ni teknolojia changa: mitambo imezagaa duniani kote, inapima na kuwasiliana, lakini inakula mti iliokalia. Hapo ndipo tulipo. Ya nne, ambayo bado, ni teknolojia iliyokomaa, inayolinda mfumo unaoibeba.

Akili bandia inaona nini hasa?

Akili bandia nyingi ya leo hufanya kazi kwa kuoneshwa mifano mingi mno na kujirekebisha namba zake za ndani mpaka majibu yake yakaribiane na ya watu. Mfano mzuri uko hapa hapa nyumbani. Serengeti ziliwekwa kamera 225 zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Picha zikafika milioni 3.2, na watu wa kujitolea duniani kote wakawa wanazisoma moja moja. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba mtandao wa neva bandia uliofunzwa kwa kazi ya watu hao unaweza kutambua spishi 48 na kufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa usahihi unaolingana na wao.

Lakini mashine inajua ilichooneshwa tu. BirdNET, programu maarufu ya kutambua ndege kwa sauti, ilipoelezwa rasmi mwaka 2021 ilijua spishi 984 za Ulaya na Amerika Kaskazini. Mlembe hakuwemo. Baadaye ilipanuliwa hadi maelfu ya spishi, zikiwemo za kwetu. Kumbe hata hayo "macho ya Dunia" yana upande ambako yaliangalia kwanza.

Na kuona si kujua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza tundu kwenye tabaka la ozoni juu ya Antaktika, wakitumia kifaa cha zamani kilichokaa ardhini. Setilaiti ya NASA ilikuwa imepima upungufu ule ule, ila programu ya kuchambua ilizitia alama ya shaka namba hizo kwa kuwa zilikuwa chini mno. Mtambo uliona, hakuna aliyeshtuka. Walioshtuka ni watu, na miaka 2 baadaye Mkataba wa Montreal ukasainiwa. Leo ozoni inapona. Huo ni mfano adimu wa sayari kuumia, kutambua, na kuondoa mkono kwenye moto.

Na je, akili bandia ina fahamu? Mwaka 2023 watafiti 19 walipitia nadharia kuu za fahamu, wakaandaa orodha ya dalili za kutafuta, wakahitimisha kwamba hakuna mfumo wa wakati huo uliokuwa na sifa za kutosha. Wengine wanakwenda mbali zaidi: wanasema kuhisi kunatokana na mwili unaoweza kuharibika. Mlembe ana njaa, Mhadzabe ana njaa, nyuki asiye na nyumba atanyeshewa afe. Kompyuta iliyouona moto wa Itigi haikupoteza chochote. Badala yake ilikula umeme. Vituo vya data duniani vilitumia takriban saa-terawati 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Dunia ina mwitiko, hilo halina ubishi. Ina akili? Kwa vipande vipande, kama kwenye ozoni. Fahamu, hakuna aliyeionyesha, na kuongeza kompyuta peke yake hakutaileta, kama ambavyo kuongeza ndege hakuwezi kurudisha mluzi uliosahaulika. Kinachofanya mlembe na mrina wawe akili moja ni kwamba habari inakwenda na kurudi kati ya wale ambao maisha yao yanaitegemea. Kwenye moto wa mjomba, habari ilikwenda. Haikurudi.

Turudi Itigi

FIRMS ina huduma ambayo wengi hawaijui: unachora eneo lako, unaweka barua pepe, na setilaiti ikiona moto hapo unatumiwa taarifa bure. Nikachora pori la mjomba. Taarifa inanijia mimi chuoni, mimi nampigia simu. Ni neva ya kuunga-unga, nakubali.

Kiangazi kilichopita nilimpigia mara 3. Ya kwanza, mwezi Juni, akacheka: "Huo tumeuwasha wenyewe." Warina asali huchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa Septemba ukose chakula. Kwenye ramani, moto unaookoa na moto unaoua ni doa lile lile jekundu. Ya pili alitembea saa 2 akakuta jirani anaandaa shamba. Ya tatu ulikuwa moto wa kweli, ng'ambo ya mbuga. Wakaita wenzao, wakafyeka na kukwangua kinga moto mpaka usiku. Walipoteza mizinga 2. Ishirini na kitu ikabaki.

Sasa nimeanza kuandika anayoniambia: mwezi gani wanachoma, upande upi, upepo wa kuogopwa unatoka wapi. Hayo hayamo kwenye setilaiti yoyote, na programu itakayofunzwa bila hayo itamwita mjomba mchoma misitu.

Juzi kanipigia mwenyewe, bila moto wowote. Alitaka tu kujua kama ile mitambo inasikia ndege. Nikamwambia ipo inayojaribu. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi njoo mwezi wa sita, nikufundishe mluzi kwanza wewe."